Karakana ya wasomaji: Baketi ipi ya mbele kwa trekta ndogo?

Barua nyingi za msimu huu zinahusu loda za mbele, yaani mikono ya chuma inayoinua mizigo mbele ya trekta kwa nguvu ya oili (haidroliki), na vifaa vinavyofungwa juu yake. Safu yote ya leo nimeitoa kwa jambo hilo, na barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu wengine walichouliza.

Shikamoo fundi. Nina ng'ombe wa maziwa kumi na wawili, parachichi ekari tatu na shamba la mahindi ya silaji (malisho ya kuvundika shimoni). Kaka yangu aliniletea trekta ndogo ya Kijapani iliyotumika, nguvu za farasi 30, inavuta tairi zote nne. Ilikuja na loda ya mbele na baketi ya upana wa mita 1.4. Kwenye loda kuna kibati cha maandishi ya Kijapani, nilichokielewa ni "500 kg" tu. Kazi zangu ni kutoa samadi zizini, kupakia mchanga tunapojenga, na kutoa silaji shimoni. Baketi naiona ndogo. Fundi wa kuchomelea hapa mjini yuko tayari kunitengenezea ya mita 1.8, yenye kina zaidi, kwa pleti ya milimita 6. Anasema nitamaliza kazi kwa nusu ya muda. Nimpe kazi? (Msomaji, Njombe)

Marahaba, dada. Usimpe kazi hiyo kabla hujapima unachobeba. Wengi huchagua baketi kwa macho, lakini kinachoichosha loda ni uzito, na lita zilezile za mchanga na za silaji zinapishana uzito mara sita.

Pima hivi. Chukua debe la lita 20, lijaze mchanga wako ukiwa umeloa, ulipeleke kwenye mizani ya mazao. Utapata karibu kilo 37. Samadi mbichi itakupa 18 au 19. Silaji iliyolegezwa ni kilo 6 hivi. Halafu jaza baketi ya trekta kwa debe hilohilo huku ukihesabu. Baketi ya upana kama wa kwako kwenye trekta za aina hiyo huchukua karibu debe 12, kwa hiyo tufanye hesabu kwa 12, nawe utarekebisha ukishapima.

Sasa hiyo 500. Kwa kawaida uwezo wa loda hutajwa kwenye pini, pale baketi inaposhikana na mikono. Mzigo wako hauko kwenye pini. Uko karibu nusu mita mbele yake, na hapo uwezo hupungua kwa robo hadi theluthi. Kabla ya hapo utoe uzito wa baketi yenyewe, maana loda huinua chuma kwanza ndipo iinue samadi. Baketi yako ya sasa tuikadirie kilo 90. Zinabaki 410 kwenye pini, na katikati ya mzigo zinakuwa kama 290. Samadi debe 12 ni kilo 216 hivi, inabebeka vizuri. Mchanga ulioloa debe 12 ni kilo 444, na huo haubebeki hata kwa baketi hiyo unayoiona ndogo. Kwa mchanga ishia debe saba.

Tuje kwenye baketi ya fundi wako. Pleti ya milimita 6 ina kilo 47 kwa kila mita ya mraba. Baketi ya upana wa mita 1.8 yenye kina anachokitaka inakula mita za mraba 2.75 hivi, yaani kilo 130. Ongeza makali ya mbele ya milimita 16, kilo 34 nyingine, na masikio ya pini na mbavu za kuiimarisha, na umefika 190 bila kuchota kitu. Kwenye 500 zinabaki 310, na katikati ya mzigo ni kama 220. Hizo ni debe sita za mchanga, ndani ya baketi inayoingia debe 22.

Hapo ndipo ninapopaogopa. Hakuna dereva atakayechota robo baketi akaridhika. Atajaza. Loda itagoma, ataongeza moto, mzigo utapanda kidogo, na tairi za nyuma zitakuwa nyepesi kabisa. Uzito wote utaangukia ekseli ya mbele, ambayo kwenye trekta hizi ndogo ina gia za kona na sili zilizokadiriwa kwa mzigo mdogo. Sili zikianza kuvuja oili, beringi hufuata, na vipuri vya ekseli ya trekta iliyotumika vinaweza kukusubirisha mpaka msimu upite.

Upana nao una kipimo chake. Simama mbele ya trekta, pima kutoka ukingo wa nje wa tairi ya nyuma moja hadi ukingo wa nje wa nyingine. Baketi itoke nje ya hapo kidogo tu, kiasi cha kusafisha njia ambayo tairi zitapita. Ikizidi sana, kona ya baketi itagonga nguzo za zizi, na kila kona moja ikikwama kwenye udongo mikono ya loda inajipinda. Ukipima na tairi zako ziko ndani ya mita 1.4, upana ulio nao unakutosha.

Sijasema fundi wako asipate kazi. Mpe hii: baketi ya pili ya mita 1.8 kwa pleti ya milimita 4, kwa ajili ya silaji, pumba na majani makavu peke yake. Pleti hiyo ni kilo 31 kwa mita ya mraba, kwa hiyo baketi nzima itakuja karibu kilo 135. Debe 22 za silaji ni kama kilo 132. Jumla iko mbali na 500, na kwa silaji utamaliza mapema kweli kama alivyokuahidi. Mwambie aandike kwa rangi ubavuni, herufi kubwa: SILAJI TU. Dereva wa leo si lazima awe wa kesho.

Kwa samadi, kama unatandika majani makavu zizini, baketi yoyote itakuhangaisha. Majani yaliyosokotana hayakatiki kwa makali. Baketi huteleza juu yake au husukuma lundo lote mbele. Hapo kinachofaa ni uma wa samadi, vyuma virefu vilivyochongoka vyenye nafasi kati yake. Unaingia lundoni kwa urahisi na maji yanachuruzika chini badala ya kuyabeba. Kama zizi lako ni la zege na unasukuma samadi ya majimaji, uma haukusaidii. Baki na baketi yenye makali yaliyonyooka. Ningekuwa na fedha ya kifaa kimoja tu kwa zizi lenye matandiko, ningenunua uma kabla ya baketi yoyote ya pili.

Kuhusu silaji, nakuomba sana mwelekeze dereva. Wengi huchoma baketi katikati ya ukuta wa silaji na kuinua. Ukuta unapasuka kwa ndani, hewa inaingia, na silaji inaanza kupata joto kabla hujailisha. Ng'ombe watakuonyesha kwa kuikataa. Aweke makali juu ya ukuta, akwangue kwenda chini tabaka jembamba kwa upana wote, ndipo achote kilichoanguka sakafuni. Atoe cha siku hiyo tu.

Jambo moja hukuliuliza, nalo ni kubwa kuliko baketi: una uzito gani nyuma? Loda ya mbele bila uzito nyuma haifai kufanya kazi, hasa kwenye miteremko ya Njombe. Maji ndani ya tairi za nyuma, robo tatu ya tairi huku valvu ikiwa juu, yanasaidia trekta kutulia. Lakini hayaipunguzii mzigo ekseli ya mbele. Kinachoipunguzia ni uzito unaoning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye mikono mitatu ya kufungia plau. Kata pipa la lita 200 katikati, zamisha ndani yake chuma imara cha kufungia pini, ujaze zege. Nusu pipa la zege ni karibu kilo 240, na kwa trekta ya farasi 30 ni mwanzo mzuri. Fundi wako ataitengeneza mchana mmoja, na zege likishakauka vizuri ndipo uifunge.

Ukishafunga uzito huo, jaribu loda yako kwa mifuko ya saruji, maana kila mmoja ni kilo 50 na hauna ubishi. Uwanja tambarare, baketi chini, anza na mifuko minne. Inua taratibu hadi usawa wa goti, sikiliza, tazama tairi za nyuma. Ongeza mmoja mmoja. Pale injini inapolemewa au tairi ya nyuma inapoonekana kulegea, rudi nyuma mfuko mmoja, na hicho ndicho kipimo chako hata kama kibati kinasema vingine. Trekta iliyotumika ina pampu iliyochoka kidogo, na haitaki kudanganywa.

Kwenye mteremko: mzigo uelekee mlimani siku zote. Kupanda, nenda mbele. Kushuka, shuka kinyumenyume, baketi ikiwa chini sentimita 30 kutoka ardhini, tairi zote nne zikivuta. Breki za trekta nyingi za namna hii ziko nyuma tu, na ukishuka na mzigo mbele unazinyanyua zile tairi zenye breki.

Fundi, nachimba mfereji wa kukinga maji ya mvua shambani. Udongo ni mfinyanzi uliokauka kama tofali, na baketi inateleza juu tu. Nichomelee meno? (Msomaji, Karatu)

Usichomelee. Makali ya baketi nzuri ni chuma kigumu, chenye kaboni nyingi kuliko pleti ya kawaida. Ukikichomelea bila kukipasha moto kwanza na kwa vijiti visivyofaa, kinapasuka pembeni mwa weldi, na ufa huo hutembea mpaka kwenye baketi. Tafuta au tengenezesha upau wa meno unaofungwa kwa boliti kwenye pande mbili za baketi. Ukichimba unao, ukisawazisha au kuchota samadi kwenye zege unautoa, kwa sababu meno huacha mistari kila yanapopita na hung'oa sakafu.

Lakini hata ukiwa na meno, loda ya trekta ndogo ni ya kuchota kilicholegea. Haikuundwa kuchimba. Ukiona unarudi nyuma na kuja kwa kasi ili baketi iingie, ujue unapinda mikono na kupasua pini. Pitisha ripa (jino refu la kupasua udongo) nyuma ya trekta kwanza, mistari mitatu au minne ya karibukaribu, ulegeze udongo kwa nguvu ya kuvuta ambayo trekta inayo kwa wingi. Kisha geuka uchote. Ukisubiri mvua ya kwanza ilainishe udongo, siku mbili tatu baada yake, kazi itakuwa nyepesi zaidi, ila usiingie ukiwa tope.

Hujambo fundi? Trekta yangu ya farasi 45 ina loda ambayo kijitabu chake kinasema kilo 700 kwenye pini. Nataka uma wa kubebea mizigo iliyopangwa juu ya pale (kichanja cha mbao) ili nipakie mahindi ya magunia ya kilo tisini. Kuna mtu anauza uma uliotoka Ulaya kwa bei ya kuvutia. Utanifaa? Nimeona pia ule mdogo wa kubana kwenye mdomo wa baketi. (Msomaji, Kitale)

Sijambo, ndugu yangu. Kabla ya bei, angalia mgongo wa uma huo. Vifaa vingi kutoka Ulaya vina kulabu mbili juu na matundu ya pini chini. Loda nyingi za trekta ndogo za Kijapani na Kimarekani ama hufungwa moja kwa moja kwa pini nne, ama zina bamba bapa lenye ukingo juu na vitasa viwili vya kufunga chini, kama mashine ndogo za kupakia zinavyotumia. Aina hizi haziingiliani. Kuna bamba la kuunganisha aina moja na nyingine, lakini linaongeza uzito na kusogeza mzigo mbele, yaani unalipa mara mbili kwenye hesabu ileile niliyomfanyia msomaji wa Njombe. Kama loda yako ni ya pini nne, nenda na vipimo: unene wa pini, umbali kati ya masikio, na urefu kutoka pini ya juu hadi ya chini. Tofauti ya milimita chache inatosha kukukatalia.

Hesabu yako ni hii. Uma mzima na fremu yake uwe kilo 150, pale ya mbao 20. Kwenye 700 zinabaki 530, na nusu mita mbele zinashuka hadi karibu 370. Magunia manne ya kilo 90 ni 360. Manne, basi, na yakae yameegemea mgongo wa uma, si kwenye ncha. Najua ulitarajia manane.

Ule wa kubana kwenye mdomo wa baketi uache. Unafunga mzigo mbali zaidi na pini, na bado umebeba baketi nzima bure. Unakunja makali pale ulipobana, na ukishayakunja baketi haikai tena sawa ardhini.

Ukipata unaokufaa na una vitasa vya kufunga haraka, kila ukifunga shuka utazame kwa macho yako kwamba vyuma vyote viwili vya kufungia vimetokeza upande wa pili wa matundu. Kisha gandamiza ncha za uma ardhini kidogo uone kama fremu inaachana na loda. Ni kazi ya nusu dakika. Kitasa kikiwa kimefunga upande mmoja tu, uma huonekana umefunga kabisa mpaka mzigo uwe juu.

Ninavuna mikaratusi na kung'oa visiki. Niagize makucha ya kushikia magogo au ile baketi inayofunguka katikati? (Msomaji, Mufindi)

Makucha, kama kazi yako ni magogo na visiki. Baketi inayofunguka ina matumizi mengi, inakwangua, inabana, inamwaga kwa chini, lakini ni nzito sana kuliko baketi ya kawaida ya upana uleule, na kwenye trekta ndogo uzito huo unakula mzigo wako. Vyote viwili vinahitaji njia ya tatu ya haidroliki, kwa sababu loda ya kawaida ina mbili tu: ya kuinua na ya kukunja. Uliza gharama ya valvu, mipira ya kupitishia oili na wenzo wa kuiendeshea kabla hujaagiza chochote. Chagua makucha mepesi yenye mkono mmoja wa juu kuliko mapana yenye miwili. Na gogo libebwe chini, karibu na ardhi. Gogo la mviringo lililoinuliwa juu kwenye baketi ya wazi linaweza kubingirika kurudi nyuma kwenye mikono ya loda hadi kwa dereva. Trekta isiyo na fremu ya kumkinga dereva na mkanda usiipe kazi hii.

Fundi, kijana wangu amegundua njia nzuri ya kuchuma parachichi: vijana wawili wanasimama ndani ya baketi, yeye anawainua hadi juu ya mti. Kazi inakwenda haraka. Nimeona nikuulize tu kama tuwachomelee vyuma vya kushikia. (Msomaji, Rungwe)

Mzee wangu, wasimamishe leo. Ukiisoma barua hii asubuhi, wawe wameshuka kabla ya chakula cha mchana.

Loda haina kitu cha kuishikilia juu isipokuwa oili iliyo ndani ya mipira. Mpira mmoja ukipasuka, mikono inashuka yote kwa mara moja. Mpira wa silinda ya kukunja ukipasuka, baketi inainamia mbele na kuwamwaga. Hata bila kupasuka, sili zilizochakaa huiachia baketi ikunjuke polepole, na aliyesimama ndani akitazama juu kwenye matawi hataona. Mguu wa dereva ukiteleza kwenye klachi, ni hivyohivyo. Vyuma vya kushikia havitazuia lolote kati ya hayo. Vitawapa vijana imani tu. Majukwaa yaliyoundwa kuinua watu yana valvu za usalama ndani ya silinda zenyewe, zinazofunga oili mpira ukikatika. Loda yako ya shamba haikuundwa kwa kazi hiyo.

Parachichi zinachumika bila trekta. Fito ndefu yenye kisu na mfuko wa kitambaa mwishoni hufika kwenye matawi mengi, na tunda haliangukii chini likachubuka. Kwa matawi ya ndani tumia ngazi ya miguu mitatu. Mguu wa tatu unapita katikati ya matawi na ngazi inasimama imara kwenye mteremko kuliko ya miguu minne. Baketi, au uma wenye pale, ibaki chini ikipokea kreti na kuzipeleka barabarani. Na mara mavuno yakiisha, punguza vilele. Mparachichi ulioachwa ukapita mita tano utawatafutia vijana sababu ya kupanda kila mwaka. Ukiushusha kidogo kidogo kwa misimu miwili au mitatu, bila kuukata wote kwa mara moja na kuunguza matawi kwa jua, wataufikia kwa fito wakiwa wamesimama ardhini.